Lulanga ya uzi mmoja: kichwa kimepasuka, uzi unateleza, sauti imezibwa

Mwana_Kadutu (Bukavu)

Jambo yenu wote. Nachonga lulanga ya kizamani, ile ambayo ng'ambo ya mto Ruzizi, Rwanda, wanaiita inanga: mti mmoja uliochimbwa kama mtumbwi, nyuzi zikipita juu ya mdomo wake, na nyuzi hizo zote ni uzi mmoja tu unaokwenda na kurudi kati ya vichwa viwili, yaani ncha mbili za mti zisizochimbwa. Funguo za gitaa sizitaki. Nataka ifanane na zile za zamani, isipokuwa uzi wenyewe: kano na utumbo sijui kuvitengeneza, kwa hiyo nimetumia nailoni ya wavuvi.

Vipimo ni hivi. Mti ni grevilea, gogo bichi lililopasuliwa katikati. Urefu wote sentimita 86, upana 28, kimo 9. Kila kichwa kina sentimita 5.5, kwa hiyo sehemu ya uzi inayolia ni sentimita 75. Mapengo (mifereji ya kupitishia uzi kwenye kichwa) ni manane kila upande, milimita 22 kutoka pengo moja hadi jingine. Nailoni ni ya milimita 0.90. Kitako (sakafu ya chombo) kina milimita 14 katikati na 6 hivi karibu na vichwa.

Shida ziko tatu. Kwanza, kichwa kimoja kimepasuka, na ufa umeingia sentimita 20 ndani ya kitako. Pili, uzi wa katikati wenye sauti nene nikiulegeza mpaka sauti yake, jirani zake nao wanashuka. Nikiwakaza hao, ule wa katikati unapanda. Mapengo nimeyasugua vizuri kwa msasa na kuyapaka nta ya mshumaa ili uzi usikatike. Tatu, sauti ni fupi na nzito, kama kugonga ubao.

Sauti nazitaka sol, la, do, re, mi, sol, la, do, kuanzia sol ya mitetemo 98 kwa sekunde (programu ya simu inaonyesha). Nimezipanga kama feni: zile nene katikati, nyembamba pembeni, ili mikono yote miwili ifikie. Nifanye nini?

---

Tezo_ya_Idjwi

Ndugu, kwanza legeza uzi wote leo hii, kisha tuongee juu ya ufa. Uzi ule ukiwa umekazwa unavuta vichwa viwili kwa nguvu ya kilo makumi, na ufa unaovutwa hivyo hausimami.

Tazama kichwa kilichopasuka kwa upande wa nje. Utaona duara za miaka ya mti. Kama kitovu cha duara kimo ndani ya kichwa, au kiko kwenye uso uleule wa mdomo, chanzo umekipata. Mti ukikauka unasinyaa kufuata duara karibu mara mbili kuliko unavyosinyaa kutoka kiini kwenda gamba. Tofauti hiyo lazima itoke mahali, nayo hutoka kwa ufa unaoelekea kiini. Kwenye kitako ulichopunguza mpaka milimita 6 mbao inajikunja kidogo na kupona. Kwenye kichwa cha sentimita 5.5 haina pa kujikunjia. Zaidi ya hapo, ncha ya mti hukauka upesi mno kuliko ubavu, maana mishipa yote imefunguka hapo. Nje kimesinyaa, ndani bado kina maji.

Ufa usiuzibe sasa. Ukiuziba mti ukiwa mbichi, utafunguka tena pembeni ya kole (gundi). Pima chombo kwenye mizani ya dukani kila wiki, siku ileile, na uandike. Wiki mbili zikipita bila uzito kupungua zaidi ya gramu 10 au 20, mti umetulia. Ndipo upitishe msumeno mwembamba ndani ya ufa ili kuta zake ziwe sawa, uchonge kabari ya grevilea ileile, nyuzinyuzi za mbao zikielekea upande mmoja na za chombo, uipake kole nyeupe ya mbao na kuigongea kwa upole. Kabari ikigongwa kwa nguvu inaendeleza ufa badala ya kuuziba. Ikikauka, irande iwe sawa na uso.

Baada ya hapo shona. Toboa matundu ya milimita 2 kwa jozi, kila tundu likiwa sentimita 1 kutoka ufa, jozi moja kila sentimita 4, upitishe waya wa shaba uliochomolewa kwenye kebo ya umeme na kuusokota kwa ndani. Mabakuli na ngoma za zamani zilitibiwa hivyohivyo, wala si aibu kwa lulanga. Mwisho wa ufa, kabla ya yote, toboa tundu dogo la milimita 3 na ulizibe kwa kijiti: hapo ndipo ufa hukoma.

Kwa chombo kitakachofuata, badilisha mpangilio wa kazi. Tafuta gogo lenye kipenyo kisichopungua sentimita 40 bila gamba. Likate refu zaidi, sentimita 15 za ziada kila upande, kwa sababu hizo zitapasuka tu na utazitupa. Lipasue katikati kwa kabari, kisha ondoa sentimita 4 kutoka uso wa kiini. Kwa gogo la 40 utabaki na nafasi ya upana wa 28 na kimo cha 9 bila kiini chochote ndani. Mdomo uwe upande wa kiini, kitako upande wa gamba.

Chimba likiwa bichi, siku zilezile za kukatwa, lakini usimalize. Acha kuta na kitako sentimita 3, vichwa sentimita 8. Paka ncha zote mbili nta iliyoyeyushwa au rangi ya mafuta, tabaka mbili. Lizike ndani ya gunia pamoja na takataka zake za kuchonga, kivulini, mahali pasipo upepo, na kila juma ugeuze. Miezi miwili au mitatu, ukipima uzito kama nilivyosema. Likitulia ndipo unalichonga mpaka unene wa mwisho. Kazi ya kuchimba ni bora ianze wakati wa mvua, mti ukauke polepole. Anayeanza Julai, kwenye ule upepo mkavu, anajitafutia nyufa.

Kuhusu mti: grevilea si mbaya, lakini ni mzito kidogo na una mishale mipana (mistari ya mbao inayotoka kiini kwenda gamba) inayopenda kuchanika kwenye mapengo. Umwungo, mti mweupe, ni mwepesi, laini kwa tezo na unalia vizuri. Umuvugangoma nao ni mzuri, na jina lenyewe, lenye neno ngoma ndani yake, linasema kazi yake. Kalitusi achana nayo kabisa kwa chombo kilichochimbwa: inasinyaa sana, inajipinda, na gogo huanza kupasuka lenyewe mara tu linapoanguka.

---

Mapengo_Nane (Goma)

Mkubwa Tezo amemaliza ufa. Mimi nachukua uzi, kwa sababu ndio moyo wa chombo hiki na watu wengi wanaudharau. Wanauona uzi mmoja kama umaskini wa funguo, kumbe ni mfumo kamili wenye sheria zake.

Kwenye gitaa kila uzi una unene wake. Hapa unene ni mmoja na urefu ni mmoja; kinachotofautisha sauti ni mkazo peke yake. Na mkazo haupandi sawa na sauti: ukitaka sauti ipande okitavo moja, yaani mitetemo mara mbili, mkazo lazima uwe mara nne. Kwa nailoni yako ya 0.90 na sentimita 75, hesabu inatoka hivi, kwa kilo:

sol 98: kilo 1.6
la 110: kilo 2.0
do 131: kilo 2.8
re 147: kilo 3.6
mi 165: kilo 4.5
sol 196: kilo 6.4
la 220: kilo 8.1
do 262: kilo 11.4

Jumla kama kilo 40, ndiyo ile Tezo aliyoiogopa.

Sasa jiulize: kitu gani kinazuia uzi wa kilo 11 usimvute jirani yake? Hakuna msumari, hakuna fundo. Ni msuguano tu wa uzi unapozunguka jino, yaani mbao inayobaki kati ya pengo na pengo. Uzi ukipanda kwenye pengo, ukazunguka nyuma ya jino na kurudi kwenye pengo la pili, umezunguka nusu duara. Nailoni juu ya mti mkavu, kwa nusu duara hiyo, inaweza kushikilia tofauti ya mara 1.9 hivi kati ya upande mmoja na mwingine. Ukipaka nta, inashuka mpaka karibu 1.6. Zaidi ya hapo uzi unateleza mpaka pande mbili zikaribiane.

Pima feni yako. Kama umeweka sol ya 98 katikati na re ya 147 kando yake, una kilo 1.6 dhidi ya 3.6: mara 2.25. Upande wa pembeni, do ya juu na sol ya 196: mara 1.8. Meno yenye nta hayawezi. Ndiyo maana ukimgusa mmoja wanacheza watatu.

Ukizipanga ngazi kwa ngazi, kutoka nene hadi nyembamba, tofauti kubwa kabisa kati ya majirani ni mara 1.41, na nyingine ni 1.26 tu. Hiyo inashikika hata na nta yako. Kwa hiyo huna haja ya kubadilisha mti wala uzi. Badilisha mpangilio.

Nta nayo iondoe: futa kwa kitambaa chenye petroli kidogo, acha pakauke, kisha upitishe msasa wa namba 120 nyuma ya meno. Laini inatakiwa mahali pamoja tu, kwenye ukingo wa ndani wa pengo, pale uzi unapoanzia kulia. Nyuma ya jino acha pakwaruze.

Namna ya kuvika uzi: kata mita 8. Zinazolia ni mita 6, zilizobaki zinaliwa na vichwa na mafundo. Funga fundo upande wa sauti nene, pitisha kote bila kukaza, kisha anza kuvuta kutoka upande huohuo ukielekea sauti nyembamba. Vuta kwa kijiti cha mti mgumu kilichochongwa kama ndoano, ukikiingiza chini ya uzi nyuma ya jino, kwa sababu vidole vitakatika. Mzunguko wa kwanza usitafute sauti kamili, acha kila mmoja nusu ngazi chini. Mzunguko wa pili ukaribie. Acha usiku mzima, maana nailoni inarefuka. Kesho yake mizunguko miwili zaidi na inatulia. Anayetaka kumaliza yote kwa mzunguko mmoja atakaa na chombo siku nzima bila kupata kitu.

Kanuni nyingine ya kukuzuia usikate nyuzi: zidisha urefu wa uzi kwa mita na mitetemo ya sauti ya juu kabisa. Jibu lisizidi 210. Wewe una 0.75 mara 262, yaani 196, uko salama. Mwenye lulanga ya sentimita 90 anayetaka do hiyohiyo atapata 236, na uzi uko karibu zaidi na kukatika, bila kujali ni mwembamba au mnene. Hilo huwashangaza wengi: kuongeza unene hakusaidii, kwa sababu uzi mnene unahitaji mkazo mkubwa zaidi kwa kipimo kilekile. Dawa ni kufupisha au kushusha sauti.

---

Mwana_Kadutu (Bukavu)

Aksanti sana wakubwa. Kiini kipo kweli, kimekaa katikati ya kichwa, na ufa unakielekea moja kwa moja.

Kuhusu feni: kuna wapigaji wanaotaka mpangilio wao, si wa ngazi. Hao wanafanyaje? Na swali la pili: waya wa breki ya baiskeli unafaa badala ya nailoni?

---

Mapengo_Nane (Goma)

Anayetaka mpangilio wake aongeze mzunguko. Kwenye lile jino lenye tofauti kubwa, uzi uzunguke jino zima mara moja zaidi kabla ya kuingia pengo la pili. Nusu duara ikiwa moja na nusu, hata jino lenye nta linashikilia mara 4. Lakini jua gharama yake: jino hilo likishashika hivyo, huwezi tena kusogeza uzi kidogo kupitia kwake. Itabidi ulegeze, ulinganishe, ukaze. Weka mizunguko ya ziada kwenye meno mawili au matatu tu, pale hesabu inapodai, si kote.

Na jino lenyewe liwe na mwili. Milimita 22 kati ya mapengo, pengo likiwa na upana wa 4, jino linabaki na 18: panatosha kwa grevilea. Kwa umwungo, ambao ni laini, pengo lisishuke zaidi ya milimita 12, la sivyo jino la kilo 11 linang'oka kufuata nyuzinyuzi.

Waya wa breki: unalia, na wengi wanautumia. Lakini unyuzi mmoja wa waya huo, wa milimita 0.40, una uzito zaidi kwa mita kuliko nailoni yako ya 0.90, kwa hiyo jumla inapanda kutoka kilo 40 mpaka 55 hivi. Chombo chenye ufa ulioshonwa usikipe mzigo huo. Tena chuma kinakata mti kama msumeno. Mwezi mmoja na pengo limeshuka. Anayetaka waya achonge vichwa vya muvula (mvule) au agundishe kipande cha mfupa kwenye kila pengo. Na sauti inakuwa nyingine kabisa, kali na ndefu, inafunika mwimbaji anayenong'ona. Kwa mtindo wa zamani ulioomba, si njia yako.

---

Mama_Nyuzi (Goma)

Umesema utumbo hujui kuutengeneza. Unatengenezeka, na tofauti na nailoni ni kubwa: utumbo una uzito zaidi kwa unene uleule na hauna ule mlio wa plastiki mwanzoni mwa sauti. Unataka subira na pua isiyochagua.

Chukua utumbo mdogo wa kondoo au mbuzi machinjioni, siku ileile, ukiwa na joto bado. Ukilala usiku umeharibika, kwa sababu uchachu ulio ndani unaula ukuta wenyewe. Utumbo mmoja unafika karibu mita 20, kwa hiyo urefu si shida. Ondoa mafuta kwa mkono, sukuma uchafu wote utoke, suuza, loweka kwenye maji baridi usiku mmoja.

Kesho yake ulaze juu ya ubao laini na uukwangue kwa mgongo wa kisu au kwa mwanzi uliopasuliwa. Kamwe usitumie upande wa makali. Utando wa ndani utatoka kama uji, na wa nje utatoka kama uzi mrefu. Kinachobaki ni ngozi nyeupe yenye kuonyesha mwanga, nyembamba kuliko unavyodhania. Hicho ndicho uzi. Ukiacha utando wa ndani, uzi utaoza na kukatika.

Halafu maji ya majivu. Chuja majivu ya kuni safi kwa kitambaa. Mwanzo yawe mepesi, yakiteleza kidogo tu ukiyasugua kati ya vidole. Badilisha asubuhi na jioni kwa siku 3 hadi 5, kila mara yakiwa na nguvu kidogo zaidi, na kila ukibadilisha kwangua tena polepole. Vaa glavu. Yakizidi nguvu, utumbo unayeyuka. Hakuna kurudi nyuma. Mwisho suuza mpaka maji yasiteleze.

Unene unatokana na idadi ya matumbo unayosokota pamoja. Matatu ya mwanakondoo hutoa uzi wa karibu milimita 0.7, ya mnyama mkubwa ni manene zaidi, kwa hiyo jaribu kipande cha nusu mita kabla ya kuamua. Funga ncha moja kwenye nguzo, nyingine kwenye ndoano ya keekee ya mkono, usokote ukiwa umelowa. Usokotaji unakula urefu, kama sehemu moja kati ya saba au nane, basi kwa mita 8 anza na mita 9.5. Wakati unasokota, sugua uzi wote kwa kitambaa kilicholowa ili maji na mabonge yatoke. Acha umevutwa kati ya nguzo mbili, kivulini, siku 2. Kila baada ya saa chache siku ya kwanza ongeza mizunguko, kwani unavyokauka unalegea.

Yanayoharibika hapa: ukikauka bila kuvutwa unajikunja kama mkia wa nguruwe na hautanyooka, ukianikwa juani unakuwa kama kioo, ukiwa na sehemu nene na nyembamba, uzi mmoja utatoa sauti mbili zinazogombana, hata ulinganishe vipi. Hiyo ya mwisho ipunguze kwa msasa wa namba 400, uzi ukiwa umevutwa, kisha upake mafuta ya mzeituni matone machache.

Huna uwanja wa mita 10? Tengeneza nyuzi mbili za mita 4 na nusu, uziunganishe kwa fundo. Fundo likae nyuma ya kichwa, kati ya uzi wa nne na wa tano, lisiguse pengo. Chombo bado ni cha uzi mmoja kwa jinsi kinavyofanya kazi.

Kano za mgongo wa ng'ombe nazo zinawezekana, zikichanwa na kusokotwa, ila kila unyuzi ni mfupi, lazima uongeze mwingine ndani ya msokoto kila mara. Kupata mita 8 zenye unene mmoja kwa kano ni kazi ya mkono uliozoea. Anza na utumbo.

Kwa utumbo, zingatia ile kanuni ya 210 kwa ukali. Nailoni ina huruma kidogo, utumbo hauna. Na siku za mvua utashuka au kupanda wenyewe, usishtuke.

---

Mulombwa_Lushi (Lubumbashi)

Salamu kutoka kusini. Naongeza juu ya sauti iliyozibwa, halafu neno moja kuhusu hali ya hewa.

Kitako chako kimepinduliwa, ndugu Mwana_Kadutu. Milimita 14 katikati na 6 kwenye vichwa, inatakiwa kinyume. Kwenye lulanga mdomo uko wazi, hakuna ubao wa juu kama wa gitaa. Uzi unatikisa kichwa, kichwa kinatikisa kitako, na kitako ndicho kinachosukuma hewa. Katikati pakiwa pazito, hakuna kinachosogea. Karibu na kichwa pakiwa pembamba, hapo ndipo panapopindika na kupasuka. Fanya milimita 8 au 9 katikati, ikipanda taratibu mpaka 12 sentimita 5 kabla ya kichwa, na pembe ya ndani kati ya kichwa na kitako iwe ya mviringo, isiwe kona kali. Kwa kuwa kwako tayari pana 6, usiguse hapo tena. Gundisha kipande chembamba cha mbao hiyohiyo kwa ndani, kinachofuata urefu, kisha upunguze katikati. Nusu milimita kwa wakati, ukigonga kwa kifundo cha kidole. Mlio utashuka kadiri unavyopunguza. Ukiona haulii tena bali unapepea, umepita.

Kupima unene bila chombo cha dukani: chonga vijiti viwili vilivyopinda, viunganishe katikati kwa msumari kama mkasi mkubwa, midomo yake miwili ikikutana. Mdomo mmoja ndani, mwingine nje, na pengo la upande wa pili linakuonyesha unene uleule, mradi mikono iwe sawa kwa urefu. Waya mnene ukipindwa unafanya kazi hiyo pia.

Yale matundu yenye umbo la nyota unayoyaona kwenye kitako cha inanga za Rwanda, yakatwe mwisho kabisa, baada ya sauti kutulia, kwa patasi nyembamba na kwa ncha ya kisu. Nyota yenye upana wa sentimita 4 karibu na kila kichwa inatosha. Pembe za nyota zisielekee moja kwa moja kwenye urefu wa mbao: hapo unachora njia ya ufa kwa mkono wako. Zungusha nyota kidogo. Na kwako, ule upande wenye ufa ulioshonwa, uache bila tundu.

Namna ya kushika pia inaziba. Ukilaza kitako chote juu ya mapaja unakizima. Ukingo mmoja uwe pajani, kitako kibaki huru.

Hali ya hewa: chombo kilichotulia Bukavu, karibu na ziwa, hakijatulia kwa ajili ya Lubumbashi. Huku kiangazi kinaanza Mei na mvua hairudi mpaka karibu Oktoba au Novemba, na ukavu wa Agosti na Septemba unafungua hata fanicha za zamani. Anayeleta lulanga huku akilegeze kwanza, akifunge kwenye plastiki yenye tundu dogo, na akitoe polepole kwa wiki tatu. Anayechonga huku ana bahati ya mulombwa (mninga), mti unaosinyaa kidogo sana kwa kulinganisha na mingine. Ni mzito zaidi ya umwungo, kwa hiyo kitako kishuke mpaka milimita 6 au 7.

---

Tezo_ya_Idjwi

Nakubaliana na Mulombwa isipokuwa jambo moja. Kipande cha kuongeza unene asikigundishe kabla uzito haujatulia, kwa sababu ileile ya kabari. Mti mbichi na mti mkavu vikigundishwa pamoja, kimoja kitasinyaa na kingine hakitasinyaa, na kole itaachia au kitako kitajipinda.

Na kitu kingine ambacho hakuna aliyekitaja: bungua, wadudu wanaotoboa mbao. Umwungo na miti mingine myeupe wanaipenda. Ukiona unga mwembamba chini ya chombo, wamo. Zamani vyombo vilining'inizwa juu ya moshi wa jiko, na moshi ulifanya kazi hiyo pamoja na kukausha polepole. Leo asiye na jiko la kuni ayeyushe boraksi (chumvi ya kuua wadudu) kwenye maji ya moto mpaka isiyeyuke tena, apake ndani na nje mara mbili kabla ya mafuta yoyote, mti ukiwa mkavu lakini haujapakwa kitu.

---

Mwana_Kadutu (Bukavu)

Nimeelewa mpangilio: nalegeza, napima uzito, nasubiri, kabari, kushona, kipande cha ndani, boraksi, kitako, halafu uzi ngazi kwa ngazi. Nyota upande mmoja tu.

Swali la mwisho. Uzi wa tatu unanguruma hata ukipigwa taratibu. Pengo lake halina tofauti na mengine kwa macho.

---

Mapengo_Nane (Goma)

Weka jicho usawa wa kichwa na utazame sakafu ya pengo kutoka ubavuni. Ikiwa bapa, au ikiwa imeinamia ndani ikaacha kilima upande wa nyuma, uzi unalala juu yake na kuigusa tena kila unapotikisika. Ndio huo mngurumo. Sakafu ya pengo lazima ishuke kuelekea nje, digrii 10 hadi 15, ili uzi uguse ukingo wa ndani peke yake. Kwenye kichwa cha sentimita 5.5, hiyo ni kushuka kwa sentimita 1 hadi 1.5 kutoka ndani mpaka nje. Tumia tupa ya mviringo ya milimita 4, ile ya kunolea mnyororo wa msumeno wa moto, na usiguse ukingo wa ndani wenyewe, maana ukiushusha umebadilisha kimo cha uzi huo na utagusa jirani. Ukiwa umeshushwa tayari, weka kipande cha ngozi kavu ya mbuzi chini yake.

Na kabla ya tupa, ondoa nta kwanza. Mara nyingine mngurumo ni chembe ya nta tu.